Nilivyomfuata Eliya Longonot

Ninyi mlio nyumbani Bunyore mnajua kwamba mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekuwa karani Kisumu, nimepima maziwa Keringet, na huu ni mwaka wa nne niko Nakuru, katika stoo ya reli. Kote huko nilivutwa na hamu ya kuona mahali. Safari ya Longonot sikuitamani hata kidogo. Niliifanya kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mtu.

Mtu huyo ni Eliya, jirani yangu katika nyumba za reli. Sisi tuliookoka tuna desturi yetu. Kila Jumatano jioni tunakutana, na aliye na dhambi moyoni husimama na kuileta nuruni mbele ya wote. Eliya ndiye aliyetuongoza. Alikuwa akifungua Biblia yake, anatazama ukurasa, kisha anaitoa sura nzima kwa sauti iliyonyamazisha hata watoto wachanga. Kati ya ndugu wote, mimi peke yangu nilijua kuwa hajui kusoma. Kila Jumanne alikuja kwangu, nikamsomea sura hiyo mpaka akaishika yote kichwani.

Jumatano moja nilisimama. "Ndugu zangu, natubu," nikasema. "Nimemdharau ndugu Eliya moyoni, kwa kuwa hajui kusoma, na mimi ndiye ninayemsomea."

Niliketi nikijisikia mwepesi. Hakuna aliyeitikia haleluya. Mtu mmoja wa nyuma alicheka. Eliya alifunga Biblia, akaiacha juu ya kiti, akatoka. Kabla mwezi haujaisha aliomba kuhamishwa Longonot, na tukasikia kwamba huko haendi kwenye mkutano wowote wa ndugu.

Kwa miezi minane nilijiambia kuwa nilisema kweli tupu. Lakini Biblia ile, niliyoichukua pale kitini, ilikuwa mezani kwangu, na kila nilipoketi kula niliiona.

Saa mbili asubuhi, Ijumaa, nilipanda gari la moshi, daraja la tatu. Askari walitazama vipande vyetu vya utambulisho kimoja kimoja, kama ilivyo siku hizi, ndipo tukaondoka. Ziwa lilibaki nyuma na ukingo wake mwekundu wa ndege heroe. Tulipita Elmenteita, na Gilgil nikanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Njia nzima nilitunga maneno ya toba. Kufika Naivasha yalikuwa yamepangika vizuri hata nikajipendeza mwenyewe. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Mchana tulifika Longonot. Mlima uko pale pale, umekunjamana ubavuni, na upepo unatupa vumbi jepesi kama unga. Nyumba za genge la wafanyakazi wa reli ni sita, mstari mmoja. Nje ya moja nilimkuta Rebeka, mke wa Eliya, akisugua sufuria kwa majivu.

"Bwana asifiwe, shemeji."

"Asifiwe," akajibu bila kuacha kusugua. "Umekuja kutubu nini tena? Niite majirani?"

Ndani, Eliya alikuwa akinywa chai na wenzake wawili wa genge. Alisimama, akanipa mkono, akanipa kigoda. Nilimpa Biblia yake, naye akaipokea kwa mikono miwili. Laiti ningeishia hapo! Lakini mkobani nilikuwa na zawadi nyingine, na upendo, au kile nilichokiita upendo, ulikuwa unanikimbiza. Nikatoa kitabu cha kujifunza kusoma, kile cha watoto, chenye picha ya ng'ombe kwenye jalada.

"Na hiki pia ni chako, ndugu. Tunaanza na a, e, i."

Wale wawili walimtazama ng'ombe, wakamtazama Eliya, wakamaliza chai haraka. Walipofika nje nikasikia mmoja akisema, "Kumbe mzee yuko darasa la kwanza!"

Rebeka alisimama mlangoni. "Shemeji, wewe ukipenda mtu ni kama mtu anafagia nyumba. Vumbi yote unatupia wageni machoni."

Maneno yangu mazuri yote yalitoweka. "Eliya, nimefanya tena," nikasema.

"Umefanya tena," akasema, na kunimiminia chai. "Kesho natembea na laini. Utabeba nyundo."

Asubuhi, jua likichomoza, tulishika njia ya reli. Kazi ya Eliya ni kukagua kabari za chuma zinazobana reli kwenye mataruma, na kugonga kila iliyolegea. Alinipa zamu, nikagonga kwa nguvu, nikaridhika. Hatukufika mbali, nyapara akaja na toroli. Alishuka, akaipiga teke kabari moja. Ikacheza.

"Nani amegonga hii?"

Niliijua. Ilikuwa yangu. Mdomo ulinifunguka, lakini sauti ikachelewa.

"Ni yangu, mzee," akasema Eliya. "Nairudia sasa hivi."

"Miaka yote hii ya kazi, na bado unagonga kama karani!"

Toroli lilipoondoka, Eliya aliigonga mara mbili, akaendelea kutembea. Nilingoja mahubiri, maili baada ya maili. Hayakuja. Tuliporudi karibu na nyumba nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilikusamehe zamani, siku ile napita Gilgil na mizigo," akasema. "Halafu jana ukatoa ile ng'ombe, ikabidi nianze upya."

Tukacheka mpaka Rebeka akatoka kutazama.

Alasiri nilipanda gari la kurudi Nakuru. Rebeka alinifungia viazi vitamu vya njiani. Kile kitabu alikuwa amekificha nyuma ya mkebe wa sukari. "Zamani aliona haya kuniomba, lakini sasa nitamfundisha mimi," alininong'oneza. "Mlango ukiwa umefungwa."

Jumatano iliyofuata nilisimama tena. "Nilimkosea ndugu Eliya. Nimekwenda kwake, amenisamehe."

"Leta yote nuruni, ndugu!" mmoja akapaza sauti.

"Iliyo yangu nimeleta," nikasema, nikaketi.

Hilo ndilo nililojifunza: nitoe yangu, ya mwenzangu niyaache mikononi mwake. Sijalimudu bado. Juzi tu nilimwambia jirani, kwa upendo, kwamba sala zake ni ndefu.

Kabla ya kuwaandikia haya nilimwomba Eliya ruhusa kwa barua. Jibu lilikuja kwa herufi kubwa zilizoinamiana, na hazikuwa za mwandiko wa Rebeka: "ANDIKA. WASOME WOTE. LAKINI SEMA KABARI ILIKUWA YAKO."

Nimesema.