Wa Mwisho Kula

Wewe ungekula, ukijua kuna askari wako mmoja hajapata chakula? Kapteni mstaafu Ombeni Mbwambo hakuwahi kufanya hivyo.

Alizaliwa Same, milimani Upareni, akaingia jeshini akiwa kijana, na mwaka 1979 aliongoza platuni vitani kuelekea Kampala. Huko alishika desturi moja: chakula kikifika, wadogo huanza, kiongozi humalizia. Anayekula mwisho ndiye anayebeba dhamana ya wenzake. Vita vilipokwisha alisafiri hadi kwa mama wa kila askari aliyempoteza, akaketi naye, akala baada yake. Kisha alirudi kwa mkewe na binti yao mmoja, Clementina, na miaka mingi baadaye akastaafu, akamzika mkewe. Mwaka 1996 Clementina, aliyekuwa ametangulia Kanada, alimleta Toronto, kwenye ghorofa kuukuu la Weston, karibu na mto Humber. Mimi nilipanga mlango wa pili.

Desturi ilihamia naye, hadi mezani. Clementina na binti yake Gift wakila, Babu alingoja. Gift alipokuwa mdogo alimwita "Afande Babu", akimfichia nyama chini ya wali ili isimalizwe.

Januari 2009 Gift, akiwa na miaka kumi na tisa, alijiunga na jeshi la Kanada. Wakati huo majeneza yalikuwa yakirudi kutoka Afghanistan, tukiyaona kwenye televisheni. Clementina alikuwa muuguzi kwao. Hapa aliambiwa aanze upya kwa kuwaogesha wazee. Nchi inayomkabidhi binti bunduki upesi kuliko inavyokubali cheti cha mama yake haistahili damu ya mtu. Nilimwambia Gift hivyo, akacheka. Hakuhitaji ruhusa yangu. Alitaka ya babu yake, na Babu, tangu apate habari, hakuwa amesema naye neno.

Jioni ya kuamkia safari ya mafunzo Quebec, Clementina alipika makande, akanialika. Tulipopakuliwa, Gift hakugusa sahani yake. Mama yake alimwambia ale. Gift, aliyezoea kumjibu kwa Kiingereza, safari hii alitumia Kiswahili.

"Namngoja Babu."

Babu alikunja mikono. "Mdogo ndiye huanza."

"Na mimi nitakuwa na watu wangu, Babu. Nianze kuzoea."

"Watu gani? Hata buti hujapewa."

"Nitapewa."

Makande yakapoa. Clementina alisema makamanda wawili wa nyumba moja wakitaka kulala na njaa, walale, yeye anaosha vyombo. Nilipoaga, sahani zao mbili zilikuwa bado zimejaa, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Asubuhi nilikwenda kumchukua Gift nimpeleke stesheni. Clementina alinifungulia mlango, akarudi kusimama karibu na jiko, kitambaa cha vyombo kimebanwa mdomoni. Babu alikuwa mezani, amenyoa ndevu, amefunga vifungo vya shati hadi shingoni. Alikuwa anakula makande ya jana, yamepashwa moto, kijiko kwa kijiko. Gift alisimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, begi miguuni, sahani yake ikingoja.

Babu alimaliza, akafuta mdomo. Akainuka na kumvutia mjukuu wake kiti.

Ndipo Gift akakaa, akala.