Fimbo Saba za Baba Mkwe

Mimi nina mdomo. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani zangu wa hapa Bangwe. Na mdomo huo ndio uliofanya baba mkwe wangu asikanyage kwangu miaka miwili mizima.

Ilikuwa kwenye kikao cha familia. Mzee alisema mbele ya watu kwamba mwanamke anayeshinda saluni akipaka wenzake rangi za kucha hawezi kumlea mjukuu wake. Mke mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajibu kwamba afadhali kupaka kucha kuliko kuzeeka ukikata majani ili matajiri wapate pa kugongea vimpira vyao. Weee! Mzee alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye uwanja wa gofu wa shamba moja la chai huko kusini. Alianza kwa kubeba mikoba ya wachezaji, akamaliza akiwa msimamizi wa uwanja wote, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Alichukua kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo nikimwamkia ananiitikia kwa kichwa tu, na nikimpelekea samaki wa ziwani, migebuka ya mawese, bakuli linarudi kama lilivyokwenda.

Nilijuta, sitaki kusema uongo. Lakini kujuta ni kitu kimoja na kuomba radhi ni kingine, na mimi cha pili kilikuwa kinanishinda. Kila Jumapili mume wangu alimchukua mtoto wakaenda kula kwa babu yake, mimi nikabaki na sufuria yangu. Hakunilaumu. Alikuwa anarudi kimya, anakaa ukumbini, na ukimya wake ndio uliokuwa unanila.

Basi Jumatano moja mume wangu akaingia saluni na mkoba mrefu begani. Ndani mlikuwa na fimbo saba za gofu, zile zenye vichwa vya chuma, alizopewa mzee siku anastaafu. Kila kichwa kilichongwa namba na alama ya watengenezaji kwa mbele, na kwa nyuma jina la mzee. Rangi iliyojazwa ndani ya michongo hiyo ilikuwa imebanduka, nyingine imebaki vipande vipande. Wenzake wawili wa kazini walikuwa wanakuja na treni, na Jumamosi walitaka wakapige mipira kwenye uwanja wa wazi, njia ya Simbo.

"Mikono ya baba inatetemeka siku hizi," mume wangu akasema. "Amesikia rangi ya kucha ndiyo inayoshika kwenye chuma. Kasema upake wewe. Mkono wako mwenyewe, usimpe mtu."

"Kasema hivyo? Kanitaja mimi?"

"Kasema hivyo. Na mke wangu, tafadhali, safari hii tusiharibu."

Sikulala vizuri. Mzee alikuwa amenifungulia mlango, tena kwa kuniletea ile ile kazi niliyoitukana ili niipake kwa ile ile kazi aliyoitukana yeye. Nikiharibu, ningeenda kuketi wapi katika ukoo ule?

Alhamisi nilianza na asubuhi, kabla ya wateja. Kutoa rangi ya zamani ni rahisi kama una subira, nami sina. Unalowanisha pamba kwa asetoni, ile dawa tunayotolea rangi ya kucha, unailaza juu ya herufi mpaka rangi ilainike, halafu unasugua kwa mswaki na kuchokonoa kwa kijiti cha meno. Fimbo ya kwanza nilimwaga dawa kwa pupa, ikatiririka hadi kwenye pete nyeusi ya plastiki, pale kichwa kinapoungana na mpini. Nikaigusa, ikanata kidoleni. Mungu wangu! Nilifuta kwa maji, nikapepea kwa gazeti, nikapuliza mpaka kizunguzungu. Ilikauka, ikabaki doa dogo kama dengu. Zile sita nilizifunga selotepu shingoni ndipo nikaendelea, na mteja aliyeniuliza kama napaka kucha za chuma nilimfokea.

Ndani ya michongo, chini ya rangi, kulikuwa na udongo mwekundu uliogandamana na majani makavu. Haukuwa udongo wa huku kwetu; ni wa kule kusini, alikozichezea kabla ya kurudi. Nilikaa nao kwenye ncha ya kijiti nikautazama, nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni.

Ijumaa ikawa ya kujaza. Namba nilizijaza nyekundu, alama nyeupe. Unadondosha tone, unalisukuma kwa kijiti lifike kwenye kona, unaacha linyanyuke kidogo juu ya chuma. Likianza kushika, unazungushia kitambaa kwenye kadi ngumu, unakigusisha asetoni kidogo sana, unapitisha mara moja juu. Ya ziada inaondoka, ya ndani inabaki. Ukikandamiza, umechota yote. Zilitoka safi, jamani, hata mimi nilijipongeza.

Kisha nikageuza fimbo ya kwanza nyuma, lilipo jina. Nikachovya kijiti. Mkono ukakataa.

Nililelewa na bibi yangu, na kwa bibi yangu mke halitaji jina la baba wa mumewe. Halitamki, haliandiki, halichezei. Baba mkwe wake yeye jina lake lilikaribiana na neno la mvua, basi bibi maisha yake yote aliita mvua "maji ya juu", na mzee wa watu alikwisha kufa siku nyingi. Kulisafisha jina kuliniwezekana, maana nilikuwa naondoa uchafu. Lakini kulipaka ni kulifuata herufi kwa herufi, kulianza na kulimaliza, mara saba. Mtu mwingine atacheka. Mimi nikafunika chupa ya rangi.

Mume wangu aliporudi nikamwambia. "Hiyo ni rangi, si mdomo," akasema. "Lete nipake mimi, ni baba yangu."

"Alisema mkono wangu. Nimdanganye?"

"Sasa unataka nini?"

"Naliacha lilivyo. Ataelewa. Ni mtu mzima, anajua heshima."

Akanitazama sana. "Kwetu watu walishaacha hayo mambo."

"Yeye si mtu wa juzi. Anayajua," nikasema, nikavisugua vile visogo mpaka vikang'aa, na usiku kucha nikawa najiuliza kama nimefanya heshima au ujinga.

Jumamosi saa tatu bajaji ilisimama nje. Wenzake wakabaki ndani yake, mzee akaja hadi mlangoni. Hakuingia. Alisimama kizingitini. Nilikuwa na mteja mmoja, vidole vyake vimo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamkabidhi mkoba. Akachomoa fimbo moja, akapitisha dole gumba juu ya namba, na nikaona uso wake ukilegea. Nikashusha pumzi. Kisha akaigeuza. Akachomoa ya pili, akaigeuza. Akazigeuza zote saba, taratibu, na kwa kila moja uso ulizidi kukunjika.

"Jina liko wapi?"

"Lipo, baba. Limechongwa, litaenda wapi?" Ona mdomo huo!

"Nauliza rangi yake. Zilipokuja hapa ilikuwamo."

"Niliitoa."

"Na hukuirudisha."

"Sikuirudisha."

Akatikisa kichwa. "Yale ya kwenye kikao hayakukutosha. Sasa umenifuta na kwenye chuma."

Akaanza kurudisha fimbo mkobani. Mikono ilikuwa inatetemeka, zikagongana, na mlio ule ukanipandisha hasira, au hofu, sijui. Nilijua akishuka ngazi za mlangoni harudi tena.

"Baba, mimi nimeolewa kwenu mwaka wa sita huu," nikasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Umewahi kunisikia nikilitaja jina lako? Hata mara moja? Nauliza! Siku ile ya kikao nilikutupia kila neno baya nililokuwa nalo. Nilikosa, nisamehe, nilikosa sana. Lakini jina lako sikulitaja hata siku ile. Sasa unataka nilipake mara saba kama kucha za watu? Siwezi. Nichukie, lakini siwezi."

Mteja akaacha kusogeza vidole. Mzee alisimama na fimbo moja mkononi, hajaitia mkobani wala hajaishusha.

"Nani alikufunza hivyo?" akauliza.

"Bibi yangu."

"Siku hizi hakuna anayefanya."

"Mimi hakuna aliyeniambia kwamba yameisha."

Akatazama sakafu. Halafu akavua viatu, saluni, mahali ambapo hakuna anayevua viatu, akaingia, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Lete hiyo nyekundu," akasema.

Nilishika kichwa cha fimbo kwenye paja langu kisicheze, yeye akashika kijiti. Alimwaga rangi nje ya herufi, akaguna, akajaribu tena. Nami nikafuata nyuma yake na kadi yangu nikifuta ya ziada. Niliogopa hata kupumua, nisije nikamtikisa. Fimbo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliishika kwa muda, akapitisha kidole kwenye jina lake tupu, akaweka kijiti chini.

"Hizi zibaki hivi."

"Baba, mwanao atamalizia jioni."

"Nimesema zibaki hivi."

Alivaa viatu, akachukua mkoba, akatoka. Nilibaki nyuma ya pazia la mlango na kadi mkononi. Nilimsikia mmoja wa wenzake akichomoa fimbo kwenye bajaji na kumuuliza mbona tatu zina jina na nne hazina, rangi imeisha?

"Rangi ipo," mzee akasema. "Hizo kaziacha mke wa mwanangu. Huyo jina langu halitaji, hata akinikasirikia."

Niliketi palepale sakafuni nikalia, na mteja wangu akaja kukaa pembeni yangu, vidole vikichuruzika maji.