Kaka Aliyeshonewa Suruali

Květa Zapletalová alikuwa mshonaji katika studio ya filamu za wanasesere, juu kilimani katika mji wa Zlín. Makoti yake yangeweza kuvaliwa na kidole, na soksi zake za sufu zingepotea ukipiga chafya.

Mwaka mmoja studio ilianza kutengeneza filamu ya kitabu alichokijua tangu utotoni. Ni kisa cha msichana anayeshuka mtoni kwa Mzee wa Maji, yule mwenye koti la kijani lisilokauka, anayefungia roho za waliozama ndani ya vikombe vyenye vifuniko. Msichana anamtafuta kaka yake. Anafunua kimoja baada ya kingine, mpaka kiputo chenye roho ya kaka yake kinapanda juu na kupasukia kwenye mwanga wa asubuhi. Basi. Kaka yuko huru, lakini harudi, na dada anakwenda nyumbani peke yake.

Květa alikuwa mtoto wa shule kaka yake Radim alipozama katika mto Morava. Jina lake halikutajwa tena nyumbani. Mama yao, Bi Anežka, alizifungia nguo za mwanawe sandukuni, na ulimi wake mwenyewe akautia kufuli. Aliyemweleza Květa kifo ni nini hakuwa mtu, ni kitabu kile.

Kwa hiyo mwongozaji, Bwana Hudeček, alipomletea mchoro wa mwanasesere mpya, Květa alishangaa.

"Huyu nani?"

"Kaka mtu. Mwishoni anatoka mtoni, wanarudi nyumbani wameshikana mikono."

"Kitabuni hatoki."

"Najua, Bi Květa. Usinione hivi, na mimi husoma."

"Sasa unamtoa wa nini?"

Hudeček akakaa pembeni ya meza yake. "Kitabu mtoto anasomewa kitandani, mama yuko ubavuni. Akilia, anakumbatiwa. Kule sinema ni giza na ukumbi umejaa watoto. Nani atawakumbatia, wewe? Halafu kiputo hakishikwi mkono."

"Kwa hiyo unawadanganya."

"Nawafikisha nyumbani. Wewe shona, tutagombana vizuri baadaye."

Alitaka kukataa. Siku kadhaa yule mwanasesere alilala kikapuni bila nguo, na mwishowe kilichomshikisha Květa sindano ni aibu tu ya kumwacha mtoto wa watu uchi namna ile. Akakata suruali ya kodrai ya kahawia. Alipofika kwenye goti la kushoto, mkono wenyewe ukaenda kuchukua kipande cha kijani na kutia kiraka.

Filamu ilipoonyeshwa mjini, alimpeleka mama yake bila kumwambia lolote. Kaka alipotoka majini, Bi Anežka aliushika mkono wa binti yake, asiuachie mpaka taa zilipowashwa. Hakulia. Walikwenda barabarani hata wakafika kwenye kona.

"Kiraka kile nilimtilia mimi," mama akasema.

"Najua, mama."

"Suruali yake ilichanika kwenye uzio wa padri. Alikwenda kuiba matunda ya plamu, shetani yule."

Květa akamgeukia. "Kitabuni harudi, mama. Naona kitabu ndicho kilichosema kweli."

"Kweli naijua, mwanangu. Nalala nayo, naamka nayo. Leo nilitaka kumwona anatembea tu."

Kesho yake Květa alimwambia Hudeček kwamba mwisho ule bado ni uongo.

"Lakini uongo uliovaa vizuri," akajibu Hudeček, naye Květa akacheka bila kupenda.

Jumapili iliyofuata Bi Anežka alikuwa akikanda unga jikoni. Bila kuulizwa, akaanza kusimulia jinsi Radim alivyokuwa akila unga mbichi, akichapwa anacheka, na jinsi siku moja alivyomfundisha mbwa wa jirani kufungua mlango wa ghala. Květa akavuta kiti, akakaa, akamwacha aseme.