Usilikumbatie Tikiti

Marehemu Kamene Muteti aliuza nyanya na matikiti maji sokoni Kitengela mpaka Julai iliyopita, baridi ilipomwingia kifuani na Bwana akamwita. Waliomjua sokoni watakwambia alikuwa na nguvu, na hawasemi uongo. Kreti ya nyanya ambayo vijana wawili huishika huku na huku, yeye aliiinua peke yake, akaipanga, huku akiendelea kubishana na mteja. Ni wachache wanaojua kwamba nguvu hizo hizo ziliwahi kumtesa karibu mwaka mzima.

Alikuwa amerudia kurusha tufe, mchezo aliouacha alipomaliza sekondari. Watoto walikuwa wamekua, naye akasema anataka kuvaa jezi ya Kajiado mara moja tu kabla magoti hayajachoka, aende mashindano ya kitaifa. Kaunti ilikuwa ikichukua wanawake wawili. Katika jaribio lake la kwanza alishindwa vibaya, na aliyeongoza alikuwa Makena, msichana wa chuo, mwembamba kama ufito. Kamene alirudi nyumbani akamwuliza mumewe, Muteti, Mungu alimpa mikono hii ya nini.

"Ya kubeba kreti," Muteti akajibu. "Huyo msichana hashindi kwa mikono. Ako na miguu."

Mwalimu Metito, mstaafu aliyefunza riadha kwenye uwanja wa shule karibu na soko, alimwambia jambo hilo hilo kwa upole zaidi. "Nguvu uko nazo, mama. Haraka ndiyo huna. Tufe halijui wewe una kifua kipana. Linajua tu limeachwa na mkono wa kasi gani."

Basi akamfundisha kuruka. Aliweka jiwe la kujengea, fupi, na mbele yake tairi kuukuu. Kamene ashuke kutoka kwenye jiwe, miguu iguse ardhi, na papo hapo aruke tairi, kama mtu aliyekanyaga makaa. Kisha arushiwe mpira wa zamani uliojazwa mchanga, audake kifuani na kuusukuma kabla haujatulia.

Hapo ndipo Kamene aliposhindwa. Maisha yake yote ya sokoni yalikuwa yamemfundisha kinyume. Mbeba mzigo hukita miguu kwanza, akaushika mzigo, akavuta pumzi, ndipo akainua. Anayeharakisha huvunja mgongo. Kwa hiyo alishuka kwenye jiwe, akakita miguu, akapumua, halafu akaruka.

"Mama, umetua ama umehamia?" Metito alikuwa akimwuliza.

Mama Mburu, aliyeimba naye kwaya kanisani, alimwona kupitia ua akiruka na sketi yake ndefu, akaita, "Kamene, kwani siku hizi mnaimba mkiruka kama vyura?"

"Njoo ushike sauti ya pili," Kamene akamjibu, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Akaamua dawa ni kuongeza kazi, kama ilivyo dawa ya kila kitu sokoni. Mwalimu akiwa hayupo, alipandisha mawe juu ya mawe akawa anajirusha kutoka huko juu. Magoti yakafura. Metito aliporudi aliyaondoa mawe yote isipokuwa lile la chini.

"Jiwe refu linakufundisha kuanguka," akasema. "Mimi nataka uruke. Nenda upumzike, magoti yakipoa urudi. Na ukirudi na tabia ile ile, tutakuwa tunadanganyana."

Kamene alipumzika akiamini mambo yamekwisha. Magoti yalikuwa yamepoa lori la matikiti lilipofika kutoka Kimana, na kijana mmoja wa kupakua hakuja. Akaingia kwenye mstari mahali pake. Muteti alikuwa juu ya lori akirusha, Kamene chini akipokea na kumpitishia Ngugi, aliyepanga. Tikiti la kwanza alilidaka, akalikumbatia, akakita miguu. La pili lilikuwa tayari hewani. Likapasuka miguuni pake.

"Mama Mwende," Muteti akamwambia mkewe, "usilikumbatie, si mtoto. Likifika, lisukume."

Akafanya hivyo. Tikiti lilikuja na uzito wake, magoti yakakunjika kidogo, na uzito ule ule ukamwinua na kulipeleka tikiti kwa Ngugi. Lori lilikuwa limepakuliwa nusu alipotambua alichokuwa akifanya, akasimama kushangaa, na jingine likapasuka.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ile mwalimu anasema kila siku."

"Basi mwite mwalimu aje ale hayo mawili."

Kesho yake alisimama juu ya jiwe lile fupi, akashuka, akaruka, na Metito hakuuliza kama amehamia.

Mchujo ulifanyika mjini Kajiado, kila mmoja na mirusho mitatu. Kasi mpya ilimbeba Kamene kupita kiasi. Mara mbili mguu wake ulivuka ubao wa mbele ya duara, na mara mbili bendera nyekundu ikainuliwa. Ulibaki mrusho mmoja. Angeweza kurusha kwa mtindo wa zamani, polepole, mguu usivuke, lakini alijua mrusho wa namna hiyo haungemfikisha nafasi ya pili. Aliinamisha kichwa akaomba, na baadaye alisema hakuomba ushindi, aliomba asiogope.

Kutoka kwenye ua Muteti akapaza sauti, "Usilikumbatie!" Watu wakageuka kumtazama. Kamene akacheka, akaingia katika duara, akarusha. Mguu uligonga ubao kwa ndani, ukabaki. Bendera nyeupe. Tufe lilikuwa limewapita wote isipokuwa Makena.

Alivaa jezi. Katika mashindano ya kitaifa alimaliza karibu na mwisho, na Jumatatu alikuwa sokoni amevaa jezi hiyo hiyo juu ya sketi. Aliivaa mpaka ikapauka. Alipozikwa ilikunjwa ikawekwa kwenye jeneza, kichwani pake.

Lori la kwanza baada ya mazishi lilipofika kutoka Kimana, Muteti alipanda juu kama kawaida. Akaokota tikiti, akalikumbatia. Vijana chini wakangoja na mikono yao wazi. Baadaye akalirusha.