Wazee wa Faduma

Korane wetu ni fundi wa kompyuta asiyependa kuandika. Nasema hivi kwa upendo, maana nimekaa naye ofisi moja hapa Garissa, katika ushirika wa wafugaji, na amenichosha kuliko mume wangu. Mtumie ujumbe, atakupigia simu akuulize umeandika nini. Kwake jambo la maana husemwa kwa mdomo.

Mwaka huu Faduma, karani wetu wa mauzo ya mifugo, alijifungua. Akaenda kwa mama yake Elwak kukaa afartanbah, zile siku arobaini ambazo mzazi hatoki nyumbani. Kazi hakuiacha. Alibeba laptopu ili afungue kompyuta ya ofisi akiwa huko huko, kupitia seva iliyo chumbani kwa Korane. Lakini mtaa wa mama yake ulikuwa umeingizwa mtandao mpya wenye anwani za kisasa, zile ndefu, na seva yetu ilizijua za zamani tu. Faduma akabisha, seva ikanyamaza.

Mwenyekiti hakuwa na subira. Alisema Faduma asipoingia kazini kufikia Jumatano, siku ya mnada, kiti chake kitapewa mtu mwingine. Huyo mtu tulishamwona akizungukazunguka mlangoni. Korane alikasirika hadi chai ikampoa.

"Mwanamke nazaa, nafukuzwa?"

Akaketi, akairekebisha seva isikilize anwani mpya pamoja na za zamani. Hilo halikumsumbua, kazi yake anaijua. Kilichobaki ni ukuta wa ulinzi, unaomkataa kila mgeni ambaye hujautajia. Anwani mpya ina mafungu manane ya tarakimu na herufi. Nusu moja ni ya nyumba, nayo hutulia. Nusu nyingine ni ya kifaa, nayo hujigeuza mara kwa mara. Korane alihitaji ile ya nyumba tu. Akampigia Faduma, akaweka spika, na kwa ajili yangu wakasema Kiswahili.

"Abaayo, hii anwani ni kama abtirsi," alimweleza, akimwita dada kwa Kisomali. Abtirsi ni ule mlolongo wa mababu ambao Msomali hufundishwa utotoni kuutaja bila kukwama. "Iko wewe, na iko wazee yako. Wewe nabadilika kila siku, wazee habadiliki. Nisomee wazee beke yake."

Faduma akasoma mafungu manne, Korane akayaandika. Seva ikakataa. Kesho yake wakarudia, na mafungu yakawa mengine kabisa. Korane akailaumu kampuni ya mtandao, akalilaumu joto, akanilaumu mimi kwa kuchomeka birika kwenye soketi ya seva. Jumanne alikuwa ameshika kichwa, nikamhurumia kweli.

Akapiga tena, akauliza ni wazee gani hao wanaobadilika kila siku. Mtoto alikuwa akilia, na sauti ya Faduma ilikuwa imechoka. Alisema labda ampishe tu huyo mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa Chuka, mambo ya abtirsi nilikuwa nayasikia juu juu. Nikamwomba Faduma anitajie yake, nione hao wazee wamepangwaje. Akaanza kwa kasi: Faduma, Abdijabar, Deeq, Liban, Olow.

"Ngoja," nikasema. "Mbona umeanza na wewe?"

"Lazima, Caro. Wazee nakuja nyuma."

Korane akanitazama, akaitazama simu. Katika anwani wazee ndio hutangulia, mtu hufuata. Siku zote hizo Faduma alikuwa akimsomea nusu ya mwisho, vile alivyofundishwa na babu yake, na Korane, aliyefundishwa vivyo hivyo, hakushtuka. Fundi mzima! Nilicheka mpaka nikaona haya. Yeye hakucheka. Alimwomba asome kuanzia mwanzo, akayaandika mafungu manne ya kwanza.

Jumatano asubuhi mwenyekiti aliingia na mtu wake. Kwenye skrini ya Korane jina la Faduma lilikuwa limeshatokea, na ng'ombe wa kwanza wa mnada walikuwa wakiingizwa kwenye orodha ya mauzo kutoka Elwak. Mwenyekiti akauliza mgeni aketi wapi. Korane, ambaye kwa kawaida huwa wa kwanza kusimama akimwona mwenyekiti, siku hiyo hakuinuka.

"Kwingine," alisema. "Hii kiti iko na mwenyewe."