Marahaba ya Mzee Simeoni

Pale Utemini watu wanajua kwamba Redempta anafanya kazi mawinguni. Aliyelisambaza neno hilo ni mama mwenye nyumba wake, Mama Editha, mwanamke wa Kiomboi anayeuza mafuta ya alizeti barazani na asiyeweza kukaa na habari mpaka ipoe. Siku moja alimuuliza mpangaji wake kompyuta ile inaweka wapi mambo yote hayo, na Redempta akajibu bila kufikiri, "Kwenye wingu, mama." Tangu hapo mvua ikichelewa majirani humtazama binti wa watu kana kwamba yeye ndiye aliyeifungia.

Kazi yenyewe haihusiani na mvua, ila inahusiana na maji. Kampuni iliyomwajiri inatunza pampu za sola kwenye visima vya vijiji vya Mkalama. Kila kisima kina mtunzaji wake, mtu wa hapohapo kijijini, anayeshika ufunguo wa kibanda cha pampu. Asubuhi husoma mita na kutuma namba yake kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo hauendi kwa mtu. Huingia kwenye kompyuta za mbali, hizo zinazoitwa wingu, na huko hulala katika mstari mmoja mrefu usio na pumzi: tarehe, saa, namba ya simu, jina la kisima, alama ambazo hata aliyezibuni amekwisha kuzisahau, na mwisho kabisa maneno aliyoandika mtunzaji. Mistari ya namna hiyo imejazana huko kama uwele ghalani mwaka wa neema.

Redempta ndiye anayeupepeta uwele huo. Huandika swali kwa lugha ya kompyuta, na swali hupita juu ya mistari yote, likikata hapa, likiruka pale, likichomoa kinachotakiwa na kukiweka kwenye safu yake: kisima hiki, tarehe hii, mita hii. Yanayobaki ni pumba. Swali hilo aliliandika mwezi wake wa kwanza kazini, na alilipenda kwa sababu lilikuwa fupi. Likifika kwenye maneno ya mtunzaji lilikuwa na amri moja tu: chukua namba ya kwanza unayokutana nayo. Watunzaji karibu wote ni vijana, hutuma namba kavu na kurudi kwenye shughuli zao, kwa hiyo swali halikuwahi kukosea.

Kisha kisima cha Kinyangiri kikaanza kichaa.

Mita ya maji ni kama umri, haijui kurudi nyuma. Mita ya Kinyangiri ilikuwa imeshapita elfu nne, asubuhi moja ikaonekana inasoma tatu. Kesho yake ikasoma mbili, halafu arobaini, halafu saba. Enock, msimamizi wa Redempta, aliinama juu ya bega lake akaitazama safu ile, akatikisa kichwa.

"Huyu mzee amechoka," alisema. "Ufunguo aliurithi kwa mkewe, na mimi nikaona haya kumnyang'anya mtu aliyefiwa. Lakini sasa anatuma vitu vya ajabu. Nimeshapata kijana mmoja pale kijijini, Ijumaa naenda kumkabidhi."

Enock si mtu mbaya, tuelewane. Ana visima vingi na gari moja, na mtu wa namna hiyo hujikuta anaamini jedwali kuliko anavyoamini watu.

"Mzee gani huyo?" Redempta aliuliza.

"Simeoni."

Jina lile lilimchoma mahali. Alikumbuka kwamba siku chache kabla ya kichaa kile, ujumbe wa Kinyangiri ulikosekana, naye akapiga simu kuuliza. Mtandao ulikuwa umesumbua, basi. Alikuwa amemwamkia mzee shikamoo, mzee akaitikia marahaba, wakaulizana kwao ni wapi, wakazungumza kidogo juu ya jua la huko. Kisha yule mzee akauliza, taratibu, kama mtu anayeona aibu kuuliza, "Kwani hizi ninazotuma, huko anazisoma nani?"

Jibu la kweli lilikuwa: hakuna. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu aliyekaa muda bila kusemeshwa, na Redempta alikosa moyo wa kumtajia mashine.

"Nazisoma mimi, babu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Aaa. Basi vizuri, mjukuu wangu."

Ulikuwa uongo mdogo wa kumtuliza mtu mzima, na yeye aliusahau kabla chai yake haijapoa. Lakini wahenga hawakukosea waliposema njia ya mwongo ni fupi. Sasa Enock alipoondoka, alirudi kwenye kompyuta, akaacha lile jedwali lake zuri, akaufungua mstari wenyewe, mzima, kama ulivyokuja kutoka Kinyangiri siku mita iliposoma tatu.

*Marahaba mjukuu wangu. Huku hatujambo. Mbuzi 3 wamezaliwa, mmoja mwenye kichwa cheupe hawezi kusimama. Mita 4212.*

Aliusoma tena. Swali lake lilikuwa limefika kwa mbuzi likasimama hapo, limeridhika. Namba ya mita ilikuwapo siku zote, imekaa mwishoni, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuingia nyumbani kwa mtu akaanza na shida iliyomleta. Kwanza watu, kisha mifugo na mvua, kazi baadaye.

Akafungua uliofuata. *Marahaba mjukuu wangu. Mvua imepiga siku 2, mtama umefurahi. Kichwa cheupe bado, namnywesha kwa chupa. Mita 4215.*

Akafungua ule wa siku mita iliposoma arobaini.

*Marahaba mjukuu wangu. Leo siku 40 za bibi yako Lea. Watu walikuja wakala wakaondoka. Ufunguo yeye aliufunga kwenye ncha ya khanga, mimi nautia mfukoni naogopa utapotea. Asubuhi nikienda kufungua maji naona kama nakwenda kumwamsha. Mita 4219.*

Redempta alifunika mdomo kwa kiganja. Ufunguo huo ndio aliotaka Enock kuuchukua Ijumaa, na kosa halikuwa la mzee. Lilikuwa la swali lake fupi, zuri, alilolipenda.

Ujumbe mmoja ulikuwa umechanganyika na Kinyiramba, na Redempta ni Mnyaturu wa Mwankoko, hivyo alibeba kompyuta mpaka barazani kwa Mama Editha, ambaye hiyo ndiyo lugha ya kwao Kiomboi. Mama Editha alifuta mikono yenye mafuta, akasoma, akacheka.

"Hapa anasema wewe ni mtoto mzuri, ila ninyi Wanyaturu hamjui kupika mlenda. Usinitazame hivyo, mimi natafsiri tu."

"Mama, lakini kuna kitu sikielewi. Kila siku anaanza na marahaba. Mimi sijamwamkia. Nilimwamkia mara moja tu, kwenye simu. Mtu anaitikiaje salamu ambayo haijatolewa?"

Mama Editha aliacha kucheka. Alirudia kusoma pale mwanzo, mstari mmoja baada ya mwingine, kidole kikifuata marahaba hadi marahaba.

"Anakufichia aibu, mwanangu," alisema. "Mtoto mwenye adabu haamki asimwamkie babu yake. Sasa wewe humwamkii. Angeweza kukasirika, angeweza kukuona huna malezi. Yeye ameamua kwamba umeshamwamkia, ila salamu yako simu ndiyo haikuileta."

Machozi yalimtoka Redempta palepale barazani, mteja wa mafuta akiwa amesimama na chupa yake, na Mama Editha akamwacha alie, akamhudumia mteja.

Kulitengeneza swali hakukuwa kazi kubwa. Aliifuta ile amri ya zamani akaliandikia nyingine: tafuta neno mita, ruka nafasi inayofuata, chukua namba iliyo mbele yake. Jaribio la kwanza lilikuwa na uroho, likameza na nukta inayofuata namba, akalikaza kidogo. Alipoliendesha, Kinyangiri ikanyooka. Tatu ikawa elfu nne mia mbili na kumi na mbili, arobaini ikapata mahali pake, na safu nzima ikapanda ngazi kwa ngazi bila kujikwaa. Akamwita Enock.

Enock alitazama safu, akasoma ule ujumbe wa kwanza, akaangua kicheko. "Kumbe mbuzi!" alisema. "Basi mzee hana kosa. Abaki na ufunguo wake, kijana nitamtafutia kisima kingine."

Redempta alishusha pumzi. Alidhani mambo yameisha. Lakini Enock ni mtu asiyependa tatizo limrudie, akatoka nje na simu yake, akampigia mzee kumtoa wasiwasi kwa namna anayoijua yeye: endelea na kisima chako baba, kazi yako nzuri, ila kuanzia kesho tuma namba tu. Hayo mengine hakuna mtu anayeyasoma huku. Ni mashine.

Aliporudi alieleza hayo kwa furaha, kama mtu aliyefunga mlango uliokuwa unapigwa na upepo.

Asubuhi iliyofuata, Redempta alipoliendesha swali, visima vyote vilijibu isipokuwa Kinyangiri. Sehemu yake ilikuwa tupu. Akaufungua mstari wenyewe.

*4226*

Hicho tu. Hakukuwa na neno mita, ndiyo maana swali jipya lilikuwa limepita bila kuona kitu. Ulikuwa ujumbe safi kuliko wowote uliowahi kutoka Kinyangiri. Lile swali la zamani lingeupenda sana. Redempta aliongeza kipengele kidogo, kwamba neno lisipokuwapo namba kavu ichukuliwe, na ile sehemu tupu ikajaa. Kwa upande wa kazi, hapakuwa na kasoro tena. Naye aliitazama 4226 ile akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

Akachukua simu ya ofisi, akampigia mzee.

"Ndiyo, ofisi," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Mjukuu hakutajwa.

"Ni mimi, Redempta. Yule uliyemuuliza anayesoma ni nani."

"Nimeambiwa ni mashine."

"Ni mashine, babu. Nilikudanganya. Nilikuambia nasoma, na nilikuwa sisomi."

Alisikia maji yakianguka ndooni, na wanawake wakisalimiana kwa mbali. Alingoja kukaripiwa, na angeshukuru kukaripiwa.

"Si neno," mzee alisema. "Ofisi ina mambo mengi. Mimi ndiye niliyewajazia simu habari za mbuzi. Unisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha, babu, tafadhali. Wiki hii nimezisoma zote. Tangu ile ya kwanza."

"Zote?"

"Zote."

Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kusema, mazuri tu, juu ya pole na juu ya bibi Lea. Yote yakamkimbia. Akajikuta anauliza, "Yule mwenye kichwa cheupe, alisimama?"

Redempta alisikia bomba likifungwa, maji yakikatika.

"Alisimama," mzee alisema. "Juzi jioni ndiyo alisimama, jana asubuhi akatembea mpaka mlangoni peke yake. Nikageuka kumwambia mtu, nikakuta sina wa kumwambia. Nikasema basi, nitamwandikia mjukuu wangu. Ndipo nikapigiwa ile simu."

"Niambie sasa, babu."

Naye akamwambia, kwa kirefu, hadithi nzima ya mbuzi mmoja na chupa moja, huku wenye ndoo wakilalamika nyuma yake na yeye akiwajibu wangoje, anaongea na mtoto.

Siku hiyohiyo Redempta aliongeza safu moja kwenye jedwali. Aliliambia swali kwamba kila kilichoandikwa kabla ya neno mita kisitupwe tena. Kichukuliwe chote, kiwekwe kando, na safu hiyo aliiita salamu. Enock hajauliza ni ya nini.

Kesho yake aliamka, na kabla ya kunawa uso, kabla Mama Editha hajatoa madumu yake nje, alishika simu yake mwenyewe akaandika maneno mawili, *Shikamoo babu*, akayatuma Kinyangiri. Kisha akanywa chai, akawasha kompyuta, akaliendesha swali. Visima vikajipanga kimoja baada ya kingine, mita zao zikiwa sawa, safu ya salamu ikiwa tupu chini mpaka juu, isipokuwa mahali pamoja.

*Marahaba mjukuu wangu. Leo umeniwahi.*