Tumbo Bichi la Bloki ya Moteri

Sufuria ya mama-mukwe wangu iliniingia ndani ya jicho la kuume ikiwa maji ya moto. Sisemi mfano. Sufuria ile ile aliyotupikia bukari, ugali wetu, siku ya arusi yetu iliyeyushwa, ikamiminwa ndani ya kalibu, kalibu ikapiga chafya, na mimi niliyeshika koleo upande wa mbele nikapokea. Soko zima la Kashikishi lilikimbia. Watu waliruka nyavu, walikanyaga samaki, mbwa alikimbia, na fundi wa kumimina alikimbia mbele ya mbwa. Mimi peke yangu nilibaki palepale, juu ya sikuona tena pa kukimbilia.

Sasa ngojeni nirudi nyuma, ili mujue wa kushika kwa jicho hili.

Mimi nilikuwa mekanisiye. Masomo yangu yaliishia kwenye kuandika jina na kusoma Injili polepole, lakini moteri nilikuwa naisikia sawa mama anavyosikia mutoto. Miaka ile ya hamsini nilikuwa natunza boti la samaki lililochukua mpale kutoka Nchelenge na Kashikishi kupeleka ng'ambo ya ziwa, Kongo, likiwa limelazwa juu ya barafu. Mwenye boti alikuwa muzungu mufanyabiashara, sisi tulimuita patron. Moteri yake ilikuwa ndogo, ya pistoni moja, aliinunua ikiwa nzee. Nilikuwa naipenda kuliko nilivyomupenda patron mwenyewe, na hiyo si kazi ngumu.

Siku moja katikati ya ziwa majani yaliziba bomba la maji, moteri ikapata moto mpaka rangi ikanuka. Nikasema, "Patron, tuiache ipoe, tule kwanza."

"Barafu inakufa, wewe unafikiri tumbo!" Akashika ndoo, akachota maji ya ziwa, akamwagia moteri mgongoni. Ikalia *ka!* Bloki, mwili wenyewe wa moteri, ikapasuka kutoka juu mpaka chini. Tukarudi kwa makasia, patron akipiga kasia vibaya na akituimbisha.

Huyo ndiye wa kwanza. Muandike: patron, kwa ndoo yake.

Bloki mupya kutoka Ulaya ingepita masika nzima kabla ya kufika. Tulijaribu kuunga ufa kwa moto. Ufa ukahama, ukatokea upande mwengine sawa panya. Ndipo patron akasikia habari ya fundi mumoja aliyefanya kazi Katanga, mahali pa kumimina vyuma, aliyekuwa amerudi Nchelenge na tumbo kubwa na viatu vya rangi mbili.

Hapa lazima niseme jambo. Fundi ni mutu wa ukoo wa Udongo. Mimi ni wa ukoo wa Mvua. Kwetu, Mvua na Udongo ni watani tangu babu wa babu: mvua inalainisha udongo, udongo unakunywa mvua, kwa hiyo tunatukanana, tunanyang'anyana kuku, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Hata kwenye kilio mutani anakuja kucheka maiti, na wafiwa wanamupa pombe.

Patron akamuita, tukakaa chini ya boti lililopinduliwa, tukachagua cha kuyeyusha ili tumimine bloki mupya.

"Tumimine chuma," nilisema. "Ya zamani ilikuwa chuma."

"Chuma inaomba moto ya jehanamu," fundi akajibu. "Mimi siko na funguo ya jehanamu. Uliza ndugu zako, mutani, banaishi kule."

"Ndugu zangu wako juu, wanaleta mvua. Wako ndio wako chini, kwenye matope."

"Sawa. Basi tutachukua alumini, ya sufuria. Inayeyuka na makaa tu."

"Alumini ni laini. Pistoni itaikula sawa bukari."

"Ndiyo maana katikati tutaweka bomba ya chuma, pistoni itembee ndani yake. Uko unaona mutu wa Udongo anavyofikiri? Wewe fikiri mawingu."

Sikatai, hapo alikuwa na akili. Bomba nene tulilitoa kwenye mashini ya kusaga iliyokufa, nikalisugua ndani kwa mchanga laini na mafuta mpaka pistoni ikapita bila kutikisika. Sura ya bloki yeye aliichonga kwa muti. Patron alitaka nta ya nyuki, fundi akakataa, "Nta ukikosea mara moja imekwisha, muti unabaki, tunarudilia." Mchanga wa ziwa aliutupa, umejaa makombe ya konokono. Akachukua udongo wa kichuguu, akauchanganya na mchanga wa mto. Sufuria zilitoka kwa wanawake. Bibi yangu alienda kuomba ya mama yake, mimi siwezi kuomba mama-mukwe kitu hata nikifa. Mama-mukwe aliitoa, akasema kupitia ukuta, "Mwambie akiniharibia, nitakula kwenye kichwa chake."

Tukafika kwenye tumbo. Ndani ya bloki lazima kuwe na nafasi ya maji ya kupoza. Kwa hiyo unafinyanga kitu cha mchanga kwa umbo la nafasi ile, unakiweka ndani ya kalibu, alumini inakizunguka, kiisha unakivunja na kukitoa. Fundi alikiita tumbo. Alilifinyanga kwa mchanga na uji wa muhogo, likashikamana vizuri. Sasa kukausha. Lilitaka moto mudogo na siku za kutosha. Yeye aliliweka juu ya uchanja wa samaki, kwenye moshi, pamoja na mpale wa watu, akaligeuza mara mbili, akasema limeiva.

Jamani! Mutoto wa Kashikishi anayenyonya anajua samaki munene humukaushi muzima. Unamupasua, juu ya usipomupasua ngozi inakauka na ndani anabaki mubichi. Na tumbo la bloki halipasuliwi.

Siku ya kumimina, nililibeba tumbo kulipeleka kwenye kalibu. Lilikuwa zito. Nikaliweka kwenye shavu, sawa wanawake wanavyopima chungu kabla ya kukichoma. Baridi.

"Mutani," nikasema, "tumbo lako bado bichi. Ndani iko maji."

Fundi akageukia watu, mikono juu. "Munasikia mutu wa Mvua! Kila kitu anaona maji! Hata jua akiliona atasema limelowa!"

Soko likacheka. Nikasema tena, "Nasema kweli."

"Mutani akisema kweli, kuku ataota meno!"

Wakacheka zaidi. Kuna mutu aliniambia baadaye kwamba nami nilikuwa nacheka. Sasa ningefanya nini? Mutani akikutukana unacheka, ndiyo sheria. Nikamuangalia patron. Yeye hana ukoo, hana utani, masikio yake yalikuwa huru kusikia. Akaangalia sanduku la barafu linalovuja, akasema, "Mimina."

Muandike mara ya pili.

Tukamimina. Tumbo likachemka ndani, mvuke ukatafuta njia, njia ikawa mimi.

Kwenye hospitali ya misioni nililala na kichwa kimefungwa. Fundi akaja na jogoo kwapani. Akakaa kwenye kitanda, akapumua, akasema, "Mutu wa Mvua, nasikia jicho yako moja imeshikwa na mawingu."

Wagonjwa wakacheka. Sista akacheka. Bibi yangu, aliyelia usiku wote, akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi, Mungu aniangalie, nikacheka, bandeji ikalowa.

Kumbe kucheka kule kulikuwa muhuri wa kufunga kesi. Nilipopeleka kesi kwa wazee, walisikiliza vizuri, wakaangalia jicho, kiisha mukubwa wao akauliza, "Alikuletea jogoo?"

"Ndiyo."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

"Watani hawashitakiani. Nenda kwako, Mvua, usinyeshe hapa."

Wakacheka nao. Patron akachukua mekanisiye mwengine, mwenye macho mawili, akavusha boti ng'ambo kwa makasia, hakurudi. Yeye simutafuti, maji ni mengi. Lakini fundi yuko karibu, Mununga, anakula, ananenepa, na kila akipita hapa watu wananiita, "Njoo, mutani wako amefika!" ili tuwachekeshe.

Nimechoka kuchekesha. Fundi, haya watakusomea, juu ya wewe kusoma ni polepole kama mimi. Nakuita. Uje mbele ya mulango wangu, mbele ya wazee wale wale, bila jogoo, bila ukoo, wewe mutu na mimi mutu. Ulilibeba tumbo lile kabla yangu. Mikono yako ya Katanga ilijua uzito wake. Swali langu ni moja, na nataka ulijibu bila kicheko mudomoni: ulijua ni bichi, ao hukujua?